Aina za Uziwi na Tiba Zake

Wananchi wa Unguja na Pemba, hususan wazazi na walimu wa skuli, wanakumbushwa kuwa uziwi si wa aina moja, na kwa hiyo hauna dawa moja.

Aina ya kwanza hutokea pale sauti inapozuiliwa kabla ya kufika sikio la ndani. Kizuizi huweza kuwa nta iliyoganda, majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, au ngoma yenyewe iliyotobolewa na usaha wa muda mrefu. Uziwi huu mara nyingi hutibika. Nta hulainishwa kwa matone na kuondolewa na mhudumu wa afya. Sikio litoalo usaha hukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi, kisha hutiwa matone yaliyoandikwa na daktari. Na ngoma iliyotoboka huweza kuzibwa kwa upasuaji. Mafuta ya taa, maji ya majani na njiti ya kibiriti si tiba hata kidogo. Aidha, usaha wa mtoto usipuuzwe kwa kudhani utakoma akikua, kwani huweza kula mfupa na kufika ubongoni.

Aina ya pili ni kuharibika kwa sikio la ndani au mshipa wa fahamu. Vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti vikifa, havioti tena. Sababu zake ni pamoja na uzee, homa ya uti wa mgongo, sindano za jentamaisini, kelele zinazozidi desibeli 85 kwa saa nane kila siku, na rubela kwa mama mjamzito, ambayo chanjo yake pamoja na ya surua ilianza kutolewa nchini mwaka 2014. Hapa dawa hairejeshi usikivu. Mgonjwa husaidiwa kwa kifaa cha kukuza sauti au, uziwi ukiwa mkubwa mno, kwa kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio. Upandikizaji huo ulianza Muhimbili mwaka 2017. Isipokuwa uziwi wa ghafla: anayeamka asubuhi sikio moja halisikii afike hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa yake hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Wapo pia wenye aina zote mbili kwa pamoja.

Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, au aliyetimiza mwaka bila kugeuka aitwapo, apelekwe kupimwa. Wengi huitwa wakaidi, wakaadhibiwa, kumbe hawasikii. Ambaye kifaa hakimfai afundishwe lugha ya alama mapema, pamoja na wazazi wake.