Uzito Ukikwama Nusu ya Safari: Namna ya Kurudisha Ari

SOMO LA AFYA KWA WAKAAZI WA MARANI

Baada ya kusoma somo hili, mkaazi ataweza:
(a) kueleza kwa nini uzito huacha kushuka baada ya miezi kadhaa;
(b) kupima maendeleo yake bila kutegemea mizani pekee;
(c) kuchagua badiliko moja la kuanza nalo wiki hii.

Mfano wa kutuongoza

Chukua mfano wa mama aliyeanza na kilo 90. Daktari alimshauri ashuke hadi kilo 76 kwa sababu presha yake ilikuwa juu. Alipunguza chapati na mandazi, akaacha kupanda bodaboda kwenda sokoni, na katika miezi 5 akafika kilo 83. Hapo mizani ikagoma. Wiki ya kwanza 83, ya pili 83, ya tano bado 83. Majirani nao wakaanza kumuuliza, "Mama, mbona umekonda hivi? Unaugua?" Sasa anawaza kuacha, kwani anajinyima bila kuona faida.

Wengi huachia safari mahali hapa hapa, na uzito wote hurudi. Basi tuangalie ni nini hasa kimetokea.

Kwa nini mizani hugoma

Jaza maji lita 7 kwenye mtungi, ujitwishe, kisha upande mlima. Utatoka jasho na kuhema. Huo ndio mzigo wa kilo 7 ambao mama huyu alikuwa akiubeba mchana na usiku, na sasa ameutua. Kwa kuwa mwili wake ni mwepesi, unatumia nguvu kidogo kupanda mlima ule ule, kulima shamba lile lile na hata kulala. Chakula kilichompunguza akiwa na kilo 90 sasa kinamtosha kubaki alipo.

Sababu ya pili ni kwamba mwili hujilinda. Mtu akipungua, njaa huongezeka. Ya tatu ni mazoea: kijiko cha sukari hurudi polepole, mafuta ya kukaangia mboga huongezeka, na mwenyewe hatambui.

Kwa hiyo kukwama kwa uzito si dalili ya uvivu wala ya kushindwa. Kwa sehemu kubwa, ni matokeo ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Hesabu ulichokwisha kupata

Mwaka wa 2002, Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa karibu miaka 3, hatari ya kupata kisukari katika kundi hilo ilipungua kwa asilimia 58, ikilinganishwa na waliopewa ushauri wa kawaida na dawa isiyo na nguvu.

Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo 6.3. Mama wetu amepunguza kilo 7. Hajafika anakokwenda, lakini amekwisha kuvuka alama ambayo watu wale waliilenga. Akiacha leo, hapotezi kilo zilizobaki tu, bali kinga aliyokwisha kuipata.

Hatua tano za kuanza upya

1. Jipime vizuri. Panda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai, na utumie mizani ile ile. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au zaidi kutokana na maji, chumvi au hedhi. Usikate tamaa kwa kipimo cha siku moja.

2. Pima vitu vingine. Funga utepe kiunoni: kwa mwanamke, hatari huanza kupanda kuanzia sentimita 80, kwa mwanamume, 94. Andika presha yako. Angalia kama unapanda mlima bila kupumzika njiani. Mara nyingi kiuno hupungua hata kama kilo zimesimama.

3. Tafuta kinachojificha. Vikombe 4 vya chai vyenye vijiko 3 vya sukari ni vijiko 12 kwa siku, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Ukibaki na kijiko kimoja kwa kikombe, umeondoa karibu kilokalori 130 kila siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni karibu kilokalori 120.

4. Panga sahani upya. Nusu iwe mboga kama chinsaga, managu au kunde. Robo iwe ugali, matoke au viazi vitamu. Robo iwe maharagwe, ndengu, mayai au omena. Usijishindishe njaa. Njaa kali leo huleta ulaji wa kupindukia kesho.

5. Weka lengo dogo. Badala ya kuwaza kilo 7 zilizobaki, lenga kilo 2, au lenga kutobadilika kwa mwezi mzima. Kushikilia uzito ni ushindi pia. Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, ikiwezekana na mwenzako. Mtu anayekungoja barabarani saa kumi na mbili asubuhi hukutoa kitandani kuliko nia pekee.

Maneno ya watu

Kwetu, kunenepa husifiwa na kukonda huleta minong'ono. Jiandae na jibu fupi: "Siugui, mama. Daktari alinishauri nipungue, na presha yangu imeshuka." Waambie pia wa nyumbani, hasa anayepakua chakula.

Tahadhari

Usinunue dawa za kupunguza uzito sokoni. Ikiwa unatumia dawa za kisukari au presha, u mjamzito au unanyonyesha, ongea na mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha mlo. Ukikonda bila kukusudia, nenda hospitalini mapema. Mizani na kipimo cha presha vimo katika vifaa ambavyo wahudumu wa afya ya jamii walianza kukabidhiwa Septemba 2023. Muulize wa kijiji chako, au fika katika kituo cha afya kilicho karibu.

Maswali ya kujipima

1. Ulianza na kilo ngapi, na asilimia 7 yake ni ngapi?
2. Unatumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku?
3. Ni badiliko gani moja utakaloanza nalo kesho asubuhi, na nani utamwambia?

Andika majibu hayo kwenye daftari, kisha uyasome tena baada ya wiki 4.