Mchezo ni Shule ya Kwanza ya Mtoto

Tunapohangaikia afya ya watoto wetu, mara nyingi tunafikiria chanjo, chandarua na uji wa lishe. Hayo yote ni ya lazima. Lakini akili ya mtoto nayo ina chakula chake: kuongeleshwa, kuchezeshwa, na kuachiwa nafasi ya kubuni mambo yake mwenyewe. Siku hizi limeingia swali jipya katika nyumba zetu: je, simu na televisheni zinamsaidia mtoto kujifunza au zinamdhuru? Katika somo la mwezi huu tutaliangalia swali hilo, tukianza na ubongo wenyewe.

UBONGO UNAVYOKUA

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una ukubwa wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima. Akifikia umri wa miaka miwili, umekwisha kufikia karibu asilimia 80. Katika muda huo mfupi chembe hai za ubongo huungana kila mtoto anapoona, anaposikia, anaposhika na anapojibiwa. Miunganiko inayotumika mara kwa mara huimarika, isiyotumika hufifia. Kwa hiyo mama anayemwogesha mtoto huku akimtajia "mkono huu, mguu huu" ni mwalimu, hata kama yeye mwenyewe hakusoma sana.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mafunzo kwa wahudumu wa afya ili wawaelekeze wazazi namna ya kucheza na kuzungumza na watoto kwa kutumia vyombo vilivyomo nyumbani. Nchini Tanzania, Serikali ilizindua mwaka 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Basi, jambo hili si la wenye fedha tu.

VIFAA VYA KUTENGENEZA NYUMBANI

1. Tangu kuzaliwa hadi miezi 6. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani umbali wa uso wa mama anayenyonyesha. Uso wako ndio kifaa chake cha kwanza. Mtabasamie, mwimbie, naye akitoa sauti mjibu. Mpitishie kitambaa chenye rangi kali polepole mbele ya macho ili akifuate.

2. Miezi 6 hadi 12. Tia kokoto safi katika chupa ya plastiki, ukaze kifuniko barabara. Hiyo ni kayamba yake. Mpe kikombe na kijiko cha mti agonge. Ficha kikombe chini ya kanga akitafute. Hapo anajifunza kwamba kitu kisichoonekana bado kipo.

3. Mwaka 1 hadi 3. Mpe makopo ya kupanga na kuangusha (kingo kali zigongwe kwanza hadi zilale), vikombe vya kupachika kimoja ndani ya kingine, mwanasesere wa matambara, na gari la boksi la kuvuta kwa kamba.

4. Miaka 3 hadi 6. Vifuniko vya soda vinafaa kuhesabu na kupanga makundi. Afinyange ng'ombe na vyungu kwa udongo, achore chini kwa kijiti. Jioni ategewe vitendawili na kusimuliwa hadithi, kisha naye asimulie.

5. Watoto wa shule. Mtoto anayetengeneza gari la waya lenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa anapima, anakata, anajaribu na kurekebisha. Anayecheza bao anajumlisha na kutoa bila kulazimishwa. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja zishonwe ziwe kitabu, aandike humo hadithi aliyosikia kwa bibi yake.

Michezo hii ina faida nyingine: hutusaidia kugundua kasoro mapema. Mtoto wa miezi 6 ambaye hageuki unapotikisa kayamba nyuma yake huenda hasikii vizuri. Asiyefuata kitambaa kwa macho akiwa na miezi 4, au mkubwa anayesogelea mno televisheni ndipo aone, huenda ana tatizo la macho. Tusimwite mjinga wala mkaidi. Tumpeleke kituo cha afya apimwe.

SIMU, TELEVISHENI NA REDIO

Vyombo hivi si adui. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wengi waliendelea kufuata masomo redioni na kwenye televisheni. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kinachotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kuonyeshwa mwaka 2014 na kinafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Wadogo wana Akili and Me, chenye habari za msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro.

Hata hivyo, simu haimjibu mtoto. Lugha hujifunzwa kwa kusemezana, na mtoto anayetulizwa kwa simu kutwa nzima hukosa mazungumzo, mwendo na usingizi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo huu mwaka 2019:

- Chini ya miaka 2: asikalishwe mbele ya simu wala televisheni.
- Miaka 2 hadi 4: isizidi saa 1 kwa siku, pungufu ya hapo ni bora zaidi.
- Mwaka 1 hadi 4: apate walau saa 3 za kucheza na kujongea kila siku.
- Miaka 3 hadi 4: alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Kwa watoto wakubwa, nyumba ijiwekee utaratibu: simu isiwepo wakati wa kula, izimwe saa moja kabla ya kulala, na mtoto asiachwe nayo peke yake. Keti naye mtazame pamoja, kisha muulize: "Kwa nini alifanya vile? Wewe ungefanyaje?" Maswali hayo ndiyo yanayogeuza katuni kuwa somo. Redio nayo ina sifa yake: humwacha mtoto ajichoree picha akilini.

TAHADHARI

Kitu kinachopita katika tundu la gamba la katikati ya karatasi za chooni kinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka 3. Kwa hiyo karanga, maharage, vifungo na vifuniko vya soda viwekwe mbali naye.

Mtoto aliyepaliwa akiweza kukohoa, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, mwinamishe umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, huku mwenzako akitafuta msaada. Usiingize kidole kooni bila kukiona kitu.

Hatari kubwa zaidi ni betri ndogo za duara zilizomo katika vitu vya kuchezea na rimoti. Zikikwama kooni zinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza betri, usimtapishe wala usisubiri kesho. Mkimbize hospitali.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Leo tumezungumza na watoto wetu kwa muda gani, tukiacha maagizo na makaripio?
2. Nani katika nyumba yetu anajua kutengeneza gari la waya au kufinyanga, na lini atawafundisha wadogo?
3. Je, baba naye anashiriki kumchezesha mtoto, au tumemwachia mama peke yake?
4. Utaratibu wetu kuhusu simu ni upi, na sisi wakubwa tunaufuata?