Mzuka Ukipanda Uwanjani: Ni Roho au Mazoezi?

Sisi tuliokulia mpira wa Kasulu na Kibondo tunaijua ile hali ambayo mguu unatangulia akili. Mtaani inaitwa mzuka. "Leo mzuka umepanda!" Neno lenyewe halisemi umejitahidi, linasema umepandwa, kama vile kuna kitu kimetoka nje kikakuingia.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliichunguza hali hiyo kwa kuwahoji wapanda miamba, wacheza dansi, wacheza sataranji na madaktari wa upasuaji, na mwaka 1975 akatoa kitabu. Walisimulia mambo yanayofanana: muda unapotea, unaacha kujitazama, woga unaisha. Ila ina masharti yake. Lengo liwe wazi, ujue papo hapo kama umepatia, na ugumu wa kazi ulingane na uwezo wako. Ikikuzidi unaingiwa na wasiwasi. Ikiwa nyepesi mno inakuchosha.

Chukua ngoma ya Warundi, ambayo wakimbizi waliingia nayo hadi kambi za Nyarugusu na Nduta. Kwao ngoma ilikuwa kitu kitakatifu cha ufalme. Hata hivyo, mpigaji alirithishwa ufundi na baba yake, akajifunza miaka. Utakatifu haukumwondolea mazoezi.

Nalisema hili kwa sababu ya winga mmoja niliyecheza naye. Aliteguka kifundo cha mguu, akapona, akarudishwa moja kwa moja kwenye mechi ngumu. Mzuka haukuja. Mechi ya pili, hola. Wengine wakamwambia ana dhambi ambayo hajaitubu, wengine wakasema mguu wake umefungwa. Jamaa akafunga na kuomba siku tatu, akaja uwanjani na njaa, akaboronga zaidi. Akaacha mpira akiamini Mungu kamkataa.

Mimi ni muumini, na dua kabla ya mechi naiomba. Inanituliza, inanikusanya mawazo. Lakini mzuka humpanda hata beki anayecheza rafu na kutukana refa, kwa hiyo siwezi kuufanya kipimo cha nani kapendwa na Mungu. Yule winga uwezo ulikuwa umeshuka na ugumu ukabaki uleule. Alihitaji wiki kadhaa za mechi nyepesi, basi.

Likizo iliyopita nilimkuta uani kwao akicheza na wadogo zake, wanne kwa wanne, goli la ndala. Mama yake alimwita kula mara tatu. Hakusikia.