Rangi Kutoka Maji ya Chumvi: Je, Ni Biashara ya Kikundi?

Tumepata swali kutoka kwa kikundi cha akina mama wa huku Pwani, karibu na mashamba ya chumvi. Walitembelewa na bwana mmoja aliyewaambia kuna mwani mdogo sana unaotoa rangi yenye bei kubwa, ati wakitoa shilingi 60,000 kwenye akiba yao atawaletea mbegu na tangi. Mweka hazina alikataa kutia sahihi mpaka watuulize. Amefanya vyema, na somo la leo ni jibu lake.

Huo mwani upo kweli. Jina lake ni Dunaliella. Si ule mwani wa baharini unaofungwa kwenye kamba. Huu hauonekani kwa macho mpaka uwe mwingi, kama ile kijani inayoota kwenye tangi la maji. Unaishi kwenye maji ya chumvi kali ambayo viumbe wengi hufia. Jua likiwa kali, chumvi ikizidi na chakula kikipungua, unajitengenezea rangi ya machungwa ijikinge nayo, kama sisi tunavyovaa kofia shambani. Rangi hiyo ni beta-karotini, ileile iliyo kwenye karoti. Ndiyo sababu moja ya madimbwi ya chumvi kugeuka mekundu yanapokaribia kukauka. Lakini si kila maji mekundu ni mwani huu. Kuna vijidudu vingine vya chumvi vyenye rangi kama hiyo.

Kwa nini watu wanainunua? Mmeona parachichi likikatwa linavyogeuka jeusi. Ni hewa inalila, kama inavyokula chuma kikapata kutu. Beta-karotini husaidia kuzuia uharibifu wa namna hiyo, na mwilini hugeuzwa kuwa vitamini A. Viwanda huitia kwenye majarini, vinywaji na vidonge.

Australia wanaikuza tangu miaka ya 1980, kule Hutt Lagoon upande wa magharibi na Whyalla upande wa kusini. Hapo hakuna matangi. Ni madimbwi ya mamia ya hekta, mahali mvua ni haba na ardhi tele. Eilat, nchini Israeli, walichukua njia nyingine: madimbwi madogo yenye magurudumu ya kukoroga maji, halafu mashine ya kuzungusha maji kwa kasi ili mwani utengane nayo. Walioona mashine ya kutenganisha malai na maziwa watatuelewa.

Sasa tupige hesabu, kwa maana hapa ndipo penye neno. Katika dimbwi la wazi, lita moja ya maji haina hata gramu moja ya mwani mkavu. Tuseme nusu gramu, na hapo tumekuwa wakarimu. Tangi la lita 1,000 litatoa gramu 500. Mwani ukiwa katika hali nzuri sana, rangi ni kama sehemu moja kwa kumi, yaani gramu 50. Mkishavuna, mnangoja tena mwani uzaane. Na chumvi? Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita. Mwani huu ukitakiwa utoe rangi nyingi unahitaji kama gramu 200 na zaidi. Kwa tangi moja ni kilo 200 za chumvi! Mvua ya masika ikiingia, chumvi inapungua, wadudu wadogo wanaokula mwani wanakuja, na kwa siku chache tangi limekwisha.

Hata ukivuna, kazi bado. Rangi hii huharibika upesi ikiachwa kwenye hewa na mwanga. Kuianika juani kama omena ni kuitupa. Isitoshe, tangu miaka ya 1950 kuna viwanda vinavyotengeneza beta-karotini bila mwani wowote, kwa bei ya chini. Anayetaka ile ya asili huipima kwanza kwa vyombo vya maabara, naye hanunui gramu 50.

Yule bwana pia alisema rangi hii inazuia saratani. Tuseme wazi. Mwaka 1994 madaktari wa Finland walitoa matokeo ya utafiti juu ya wanaume zaidi ya 29,000 waliovuta sigara. Waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, kwa asilimia 18. Haina maana kwamba karoti ni sumu, la! Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, maembe, na sukuma wiki iliyokaangwa kwa mafuta kidogo vinatupa karotini ya kutosha, na mbegu zake hazigharimu shilingi 60,000.

Hatusemi mwani hauna faida Pwani. Wenye mashamba makubwa ya chumvi wana maji, jua na madimbwi tayari. Wao wakijaribu pamoja na wataalamu, tutafurahi kusikia. Lakini kwa tangi moja nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, sisi tungeiacha akiba ilipo.

Bwana huyo akirudi, mwulizeni mbele ya kikundi kizima:
Mnunuzi ni nani, na barua yake iko wapi?
Nani atapima rangi, na kwa gharama ya nani?
Kuna kikundi gani kilichokwisha kuuza, tukakitembelee kabla ya kulipa?

Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha mkutano, naye atie sahihi.