Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 20: Usiufunge Mlango Mapema



Juzi baada ya swala kijana mmoja alinifuata pale kwenye viatu. "Sheikh, nimeswali tarawehe 19. Moyo wangu uko vilevile. Niendelee kwa lipi?" Nikamwambia tu, "Subira, mwanangu." Akaitikia kwa heshima, akaenda zake. Nilifika nyumbani nikijua sijamjibu. Leo namjibu, na wewe pia kama uko katika hali yake.

Marehemu ami yangu alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilitumia mkanda wa 120, ule unaotoa picha 12 tu za mraba. Usiku aliiweka kwenye stendi ya miguu mitatu, akaufungua mlango wa kamera, halafu tukakaa kimya. Hakuna kuigusa.

Mimi nilikuwa na haraka. "Ami, kipimo si kimesema sekunde 100? Mbona zimeisha?" Akanieleza: mwanga ukiwa hafifu sana, mkanda wenyewe huupokea kwa uzito. Kwa Kodak Tri-X, kipimo kikisema sekunde 10, unaacha 50. Kikisema 100, unaacha 1,200. Dakika 20 hizo! Ukifunga kwenye 100, mkanda unatoka karibu mtupu. Mwanga ulikuwepo, ila wewe hukuusubiri.

Na muda wote huo huoni kitu. Picha huonekana baadaye, mkanda ukishasafishwa.

Basi mwanangu, moyo uliokaa miezi 11 katika mghafala nao hupokea kwa uzito. Usiupime kwa hesabu ya haraka. Kutohisi kitu si ushahidi kwamba hakuna kilichoingia. Na mimi nisijifanye: kuna usiku nawasalisha na moyo wangu mkavu. Bado nasimama.

Usiku wa leo tunaingia kumi la mwisho. Ndipo safu zinapopungua, watu wako madukani wanatafuta nguo za Idi. Wanafunga kwenye 100.

*Zoezi la leo:* baada ya tarawehe zima simu, kaa dakika 20 palepale ulipo. Istighfari, au dua moja tu. Ukimaliza usijiulize umehisi nini. Kesho rudia.

Na wewe kijana wangu wa pale kwenye viatu, njoo mapema leo. Nimekuwekea nafasi safu ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.