Kutoka Jukwaa la Gemu Hadi Darasa la Ughaibuni
Kijitabu kwa mchezaji wa kulipwa anayekwenda kusoma nje

Kijitabu hiki ni chako wewe uliyecheza gemu kwa malipo, ukavaa jezi ya timu, ukashindania zawadi mbele ya watazamaji usiowajua, na sasa umeshika barua ya kukubaliwa chuoni. Tumemfikiria zaidi kijana wa Afrika Mashariki anayekwenda Uingereza au Marekani, maana masharti ya nchi hizo mbili humnasa mchezaji kirahisi. Mengi humu yatamfaa pia anayekwenda kwingine.

Usiione miaka yako kuwa mingi. Maisha ya mchezaji wa gemu ni mafupi. Jian Zihao wa China, aliyevuma kwa jina la Uzi katika League of Legends, alitangaza kustaafu Juni 2020 akiwa na miaka 23, akitaja afya yake, kikiwemo kisukari. Baadaye alijaribu kurudi. Hai Lam wa Cloud9 aliachia nafasi yake mwaka 2015, na maumivu ya kifundo cha mkono yalikuwa miongoni mwa sababu. Ukiingia darasani na miaka 24 hujachelewa. Uingereza, anayeanza shahada ya kwanza akiwa na miaka 21 au zaidi huhesabiwa rasmi kuwa mwanafunzi mtu mzima, na vyuo vingi vina chama chao au makazi yao mbali na kelele za vijana wa miaka 18. Uliza. Na akitokea wa kukuambia kwamba gemu na kitabu havipatani, mtajie Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow wa Tekken, aliyesajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 huku akisomea sheria.

HAKUNA ANAYEKUHESABIA POINTI

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo zito kuliko yote, na halimo katika barua yoyote utakayotumiwa na chuo.

Kwenye timu, siku yako ilipangwa na wengine. Mechi za mazoezi zilianza mchana zikaisha usiku. Kila mechi ilipokwisha mlirudia video, kocha akaisimamisha pale pale ulipokosea, na wenzako wote wakaliona kosa lako kwenye kioo. Ulipolala ulijua kama umepanda au umeshuka.

Chuoni utaingia ukumbi wenye watu 200. Mhadhiri hajui jina lako wala hatakuuliza jana ulikuwa wapi. Kazi ya kwanza ya kuandika huenda ikadaiwa wiki ya sita au ya saba, na alama zikarudi wiki kadhaa baadaye. Katikati hapo ni kimya. Kimya hicho humyumbisha mchezaji mzuri hata kama masomo yenyewe anayaweza. Akili yake imezoea kupewa thamani yake kila usiku kwa tarakimu; ikikosa tarakimu inaanza kuhisi haina thamani. Hapo ndipo mtu anapowasha kompyuta saa sita usiku akisema ni mechi moja tu. Hamu ya mchezo inaweza kuwa imeshaisha. Anachotafuta ni kuambiwa kwamba bado ni mtu.

Jitengenezee marudio yako mwenyewe. Karibu kila mhadhiri huko hutenga saa maalumu kila wiki kwa ajili ya mwanafunzi yeyote mwenye swali, na mara nyingi saa hizo hupita bila mtu kubisha hodi. Tuseme unadaiwa insha ya maneno 1,500 wiki ya saba. Wiki ya tatu andika utangulizi na aya moja tu, chapisha, mpelekee. Atachora mstari chini ya sentensi yako ya pili na kuandika pembeni: dai hili umelitoa wapi? Hicho ndicho ulichokizoea, kosa limesimamishwa kwenye kioo. Wanafunzi wengi huogopa kuonyeshwa makosa uso kwa uso. Wewe umeonyeshwa miaka yote mbele ya timu nzima na ukarudi uwanjani siku hiyo hiyo. Huo ni mtaji mkubwa, na tungependa uutumie mapema, kabla aibu ya ugeni haijakufundisha kukaa kimya.

Kuna tabia moja ya gemu inayopaswa kubaki nyumbani. Kwenye mashindano, kuiga mbinu ya mpinzani ni akili. Mbinu mpya ikigunduliwa Korea leo, kesho dunia nzima inaitumia na hakuna anayelalamika. Chuoni, kuchukua wazo au maneno ya mtu bila kumtaja ni kosa la kinidhamu, na programu kama Turnitin hulinganisha kazi yako na mamilioni ya maandishi. Wapo wanaoadhibiwa kwa jambo ambalo hawakujua kuwa ni kosa. Wiki za mwanzo, nenda maktaba uombe ufundishwe namna ya kutaja vyanzo. Mafunzo hayo kwa kawaida hayalipiwi.

VIZA YAKO NA CHANELI YAKO

Hapa tunakuomba usome polepole.

Viza ya mwanafunzi ya Uingereza kwa kawaida humruhusu anayesoma shahada kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Lakini inakataza kujiajiri, inakataza kufanya biashara, na inakataza kazi ya mwanamichezo wa kulipwa, ukocha ukiwemo, pamoja na kazi ya msanii wa burudani. Sasa jiangalie. Una chaneli ya Twitch au YouTube inayoingiza pesa za matangazo na michango ya mashabiki. Una mkataba wa zamani na mfadhili anayekutaka uvae fulana yake kila unaporusha mubashara. Rafiki yako wa Mombasa anataka umfundishe kucheza kwa malipo ya saa. Kila moja kati ya hayo linaweza kuhesabiwa kuwa kujiajiri, hata kama pesa inaingia kwenye akaunti ya Nairobi au Dar es Salaam. Kinachotazamwa kwanza ni mahali ulipokaa ukifanya kazi hiyo.

Marekani nako ni kugumu. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo, mwaka wa kwanza kwa kawaida haruhusiwi, na baada ya hapo anahitaji kibali. Wachezaji wa kulipwa wana njia yao nyingine kabisa: mwaka 2013 Kim Dong-hwan wa Korea Kusini, viOLet wa StarCraft II, alipewa viza ya P-1A ambayo ni ya wanamichezo. Viza hiyo si ya mwanafunzi, wala haki zake hazihamii kwenye F-1 yako.

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, zima matangazo na michango kwenye chaneli zako, na uwaandikie wafadhili kwamba mkataba unasitishwa kuanzia tarehe fulani. Kama kuna zawadi ya mashindano ambayo bado unadai, na wachezaji wenyewe mnajua zawadi hizo zinavyochelewa, tunza mkataba, tarehe ya mashindano na barua pepe za waandaaji. Pesa ikiingia ukiwa tayari chuoni, utakuwa na ushahidi kwamba kazi ilifanyika kabla hujaondoka. Ukialikwa mashindano yenye zawadi ukiwa masomoni, usikubali kwanza ukauliza baadaye. Muulize mshauri wa wanafunzi wa kimataifa, na huko Marekani afisa wa chuo aliyetia sahihi fomu yako ya I-20. Omba jibu kwa maandishi. Anayevunja masharti ya viza anaweza kupoteza masomo yake na kurudishwa nyumbani, na kulifuta doa hilo ni kazi ya miaka.

PESA NA MAKARATASI

Mchezaji huzoea pesa ya mkupuo: miezi mitatu hakuna kitu, halafu zawadi. Chuo kinataka pesa inayoonekana na iliyotulia. Ukiombwa kuonyesha fedha za kujikimu kwa viza ya Uingereza, lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango kilichowekwa. Ukizihamisha kutoka mkoba wa mtandaoni wiki moja kabla ya kuomba, umechelewa. Kuna pia ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, inayolipwa pamoja na maombi. Viwango hubadilika, hivyo vithibitishe kwenye tovuti ya serikali husika kabla ya kupanga bajeti.

Ile miaka yako ya gemu usiifiche kwenye maombi ya chuo. Pengo la miaka minne lisilo na maelezo huzua maswali. Eleza ulichofanya kwa lugha ya kazi: ulisafiri, uliishi na watu wa lugha tofauti, ulichambua takwimu za mechi, ulisoma mkataba kabla ya kuutia sahihi.

Kuhusu kozi, tuseme wazi tunavyoona. Zipo shahada za michezo ya kielektroniki yenyewe. Staffordshire University ya Uingereza ilianza kutoa yake mwaka 2018. Anayetaka kuandaa mashindano au kuendesha timu atafaidika. Anayeichagua kwa sababu tu anaogopa kuachana na gemu, tunamsihi afikiri tena. Na Mtanzania yeyote ahakikishe mapema kwamba chuo na shahada anayoiendea vinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

MIKONO, USINGIZI NA MTANDAO

Ukiwa na maumivu ya kifundo, vidole au mgongo, beba barua ya daktari aliyekutibu. Chuo kina ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu na maradhi ya muda mrefu, na jeraha la mkono linaingia humo. Anayekubaliwa anaweza kuongezewa muda wa mtihani, mara nyingi robo nzima, au kuruhusiwa kutumia kompyuta badala ya kalamu. Uingereza, jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki za mwanzo. Umeshalipia huduma hiyo kwenye viza, na kumwona hakutozwi tena.

Usingizi wa mchezaji, wa kulala alfajiri na kuamka adhuhuri, utakuumiza zaidi kaskazini. Desemba, jua la London huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Ukiamka saa sita mchana unapata mwanga usiotimia saa nne, na huzuni ya majira ya baridi hujikusanya taratibu. Jipangie jambo la asubuhi lenye watu ndani yake: darasa, mazoezi ya mwili, kazi ya maktaba.

Kuna kishawishi ambacho washauri wa vyuo hawawezi kukijua, kwa sababu wao hawakucheza kutoka kwetu. Umecheza miaka yote ukitumia seva za Ulaya kwa ucheleweshaji wa zaidi ya milisekunde 100, ukipigwa risasi ukiwa tayari umejificha. Siku ya kwanza London utaona milisekunde chini ya 20. Utajiambia kwamba kumbe ulikuwa bora kuliko ulivyodhani, na pengine ni kweli. Uchungu wa kulijua hilo tunauelewa. Amua kabla ya kufika utacheza siku zipi na hadi saa ngapi, kwa kuwa usiku huo si wakati wa kuamua.

Ukiona koni yako haiungani na eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa vyuo, haijaharibika. Koni nyingi hazina uwezo wa aina hiyo ya usalama wa mtandao. Peleka anwani ya kifaa kwa idara ya kompyuta, na vyuo vingi vitakusajilia njia nyingine.

KUCHEZA KAMA MWANAFUNZI

Si lazima uache kabisa. Iliyokuwa Robert Morris University ya Illinois, Marekani, ilianza kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa League of Legends mwaka 2014, na University of California, Irvine, ilifungua ukumbi wake wa gemu mwaka 2016. Uingereza kuna ligi za vyuo kama National Student Esports. Tofauti na mpira wa kikapu au riadha, michezo hii haiendeshwi na NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kwa hiyo kuwahi kulipwa peke yake hakukufungii mlango kila mahali. Kila ligi ina kanuni zake. Soma kifungu cha wachezaji wa zamani wa kulipwa kabla ya kujiandikisha.

Ukijiunga na klabu, wenzako watakuwa wadogo na dhaifu kuliko ulivyozoea. Wavumilie. Wengi wa marafiki zako wa kweli huko watatoka humo, na mwanafunzi mgeni mwenye watu watatu wa kula nao jioni yuko salama kuliko mwenye wafuasi elfu thelathini.

KWA WAZAZI NA WALEZI

Msimwulize mtoto kila mkipiga simu kama ameacha gemu. Swali hilo humfanya afiche, na anayeficha hasemi pia kwamba ameshindwa somo au amekosa kodi ya chumba. Mwulizeni leo amekula na nani. Kumbukeni pia kwamba Uingereza wako nyuma yetu kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya kiangazi. Simu ya alfajiri ya Dar es Salaam humkuta amelala usingizi wa kwanza.

Na wewe msomaji wetu, wiki ya kwanza, kabla hujaitoa kompyuta kwenye boksi, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na orodha ya chaneli zako, mikataba yako na zawadi unazodai. Waonyeshe vyote, usibakize hata kimoja, na usiondoke bila kujua jina la mtu utakayemrudia mambo yakikuelemea.