Amonia Isiyotaka Kuondoka Tangini

Mimea imeshika, taa inawaka, filta inanguruma usiku kucha, wiki ya sita inaisha, na bado kila ukipima maji rangi inageuka kijani. Muuza samaki anakushauri ununue chupa ya bakteria. Ukirudi wiki ijayo atakushauri ununue nyingine. Shika pesa yako kwanza. Amonia inayokaa tangini wiki baada ya wiki ina mahali inakotoka, na hapo pakijulikana kazi kubwa imekwisha. Basi tutafute kama fundi anayetafuta bomba linalovuja: tuanze na palipo rahisi kufikia.

1. Kipime kipimo chenyewe

Vipimo vya matone vinavyouzwa sana huanza na njano na kuelekea kijani kadiri amonia inavyozidi. Kati ya sifuri na miligramu 0.25 kwa lita tofauti ya rangi ni finyu, na chini ya taa ya sebuleni njano yoyote inaweza kuonekana ina ukijani. Chukua maji ya kunywa ya chupa, yapime sambamba na maji ya tangi, subiri dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo, kisha zitazame tyubu zote mbili kwenye mwanga wa mchana, juu ya karatasi nyeupe. Zikifanana, huna amonia. Una taa mbaya. Kuna pia vipimo vya Nessler, vile vinavyotoka njano kwenda kahawia. Hivi hudanganywa na baadhi ya dawa za kuondoa klorini vikaonyesha amonia ambayo haipo. Vijiti vya karatasi sivipendekezi kwa kazi hii, maana vingi havina hata sehemu ya kupima amonia.

2. Soma pH kabla hujaogopa

Kipimo cha kawaida hujumlisha vitu viwili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu inayounguza matamvua ya samaki, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo sana. Kila kimoja kina kiasi gani? Hilo huamuliwa na pH na joto. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Maji yakipata joto la nyuzi 30, jambo la kawaida Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari bila hita yoyote, ile asilimia 5 inapanda hadi 7 na ushee.

Kwa hiyo miligramu 1 katika tangi la mimea lenye pH 6.5 ni jambo la kufuatilia. Miligramu hiyo hiyo kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wanaovuliwa Kigoma na kuuzwa nje, ambao kwao pH inakaribia 9, ni maafa. Kila unapoandika namba ya amonia, andika na pH pembeni. Bila hiyo umeandika nusu ya habari.

3. Pima maji kabla hayajaingia

Watu hupima tangi kila siku lakini ndoo hawajawahi kuipima. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuleta amonia na naitreti moja kwa moja. Maji ya boza yana asili ambayo hata dereva huenda haijui, na simtanki lisilosafishwa lina tope chini linalooza taratibu. Kama ndoo inaonyesha 0.5, kubadilisha maji hakutakufikisha sifuri hata ufanye kila siku.

Ndugu zetu walioko Marekani wana kisa chao. Miji mingi huko, San Francisco ikiwamo tangu 2004, hutia maji dawa ya kloramini, ambayo ni klorini iliyoungana na amonia. Dawa rahisi ya kuondoa klorini huvunja muungano huo, ikaiua klorini na kuiacha amonia ikielea. Soma lebo, tafuta dawa iliyoandikwa wazi kwamba inashughulikia kloramini na amonia pia.

4. Mshuku udongo mapema

Hapa ndipo matangi ya mimea yanapotofautiana na yale ya changarawe tupu. Udongo maalumu wa chembechembe, ule uliopata umaarufu kupitia Mjapani Takashi Amano na kampuni yake ya ADA, umejaa virutubisho, na mwanzoni huachia amonia kwa wiki kadhaa. Si kasoro, ndivyo ulivyotengenezwa. Katika wiki hizo badilisha nusu ya maji mara kwa mara, wala usiweke samaki. Tangi lisilo na samaki lenye amonia ni shamba la bakteria, na mimea nayo inafaidi. Lenye samaki kumi na wawili lina wagonjwa kumi na wawili.

Ukiwa umetumia udongo wa bustani chini ya mchanga, ambayo ni njia nzuri na ya bei nafuu, uliza kama ulichanganywa na samadi. Samadi ikioza chini ya maji inaweza kutoa amonia kwa muda mrefu, na huwezi kuichambua ikishafunikwa. Hapo una uamuzi mmoja mgumu: kuvumilia kwa kubadilisha maji, au kubomoa na kuanza upya. Kwa tangi dogo, lita 60 hivi, mimi ningebomoa.

Na ukishapanda, tulia. Kung'oa mmea mkubwa wenye mizizi kama kapu hufukua kilichozikwa, na kesho yake kipimo hupanda bila sababu unayoiona. Ukilazimika kung'oa, kata mizizi kwa mkasi uiache humo, au ng'oa siku unayobadilisha maji.

5. Mbolea ya shambani ibaki shambani

Lipo wazo linalozunguka kwamba mbolea ni mbolea, kwa hiyo punje chache za yurea zitanenepesha mimea. Fanya hesabu. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, na majini hugeuzwa kuwa amonia. Gramu 1 tu katika lita 100 ni miligramu 4.6 za naitrojeni kwa kila lita. DAP ina asilimia 18, yote ikiwa amoniamu tayari. CAN nayo nusu ya naitrojeni yake ni amoniamu. Kama mimea inadai naitrojeni kweli, tumia mbolea ya akwariamu inayoipata kutoka kwenye naitreti ya potasiamu. Na vidonge vya kuzika kwenye mizizi, soma vimetengenezwa na nini, kisha vizike chini kabisa.

6. Panda mimea yenye njaa

Mimea mingi ya majini hupendelea amoniamu kuliko naitreti, kwa sababu huitumia bila kupoteza nguvu ya kuibadilisha. Mmarekani Diana Walstad alijenga hoja nzima ya kitabu chake cha 1999 juu ya hili: mimea ikiwa mingi na ikiota kwa kasi, yenyewe ndiyo filta. Neno la maana hapo ni kasi. Anubias, mtoto wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwamo, ni mzuri na mgumu kufa, lakini akitoa jani moja jipya ndani ya wiki chache, ushukuru. Ukiwa na Anubias kumi na amonia isiyoshuka, umejaza tangi mapambo.

Leta Ceratophyllum, unaoota hata Ziwa Victoria na hauhitaji kupandwa, unaachwa uelee tu. Ongeza Vallisneria. Hata lile ua la kutambaa la manipulanti lililoko dirishani litasaidia: tumbukiza mizizi yake majini, majani yabaki nje. Lakini usiende kuchuma mimea ziwani au mtoni ukaitia moja kwa moja. Inaweza kuja na konokono wa kichocho. Na gugumaji usiliguse. Ziwa Victoria limesumbuka nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, halihitaji mfugaji wa kulisambaza mtaroni.

Mmea uliotoka kununuliwa huweza kuyeyusha majani yake ya zamani. Yakate yakianza kuwa kama kamasi. Jani linalooza linarudisha majini kile mmea ulichokula.

7. Hesabu samaki

Wote. Mmoja akikosekana, inua mawe na magogo, angalia nyuma ya filta, na ndani yake pia. Konokono aliyelala siku tatu bila kusogea, mtoe umnuse. Hutahitaji kipimo.

8. Punguza chakula kwa nusu

Samaki hutoa sehemu kubwa ya amonia yake kupitia matamvua, wala si kwenye kinyesi peke yake, kwa hiyo hata chakula kilicholiwa chote kinahesabika. Chakula chenye protini asilimia 45 kina naitrojeni kama miligramu 72 katika kila gramu. Samaki hubakiza kiasi mwilini, ila kama yote ingeishia majini, gramu hiyo moja ingetosha kuongeza miligramu 1 kwa lita katika tangi la lita 72. Na watoto wa nyumbani wanavyopenda kulisha samaki! Ficha kopo, wape zamu. Amonia ikiwa juu, acha kulisha siku tatu au nne. Samaki wakubwa wenye afya hawatadhurika, ingawa watakutazama kana kwamba umewatelekeza.

9. Acha sponji iwe chafu kiasi

Bakteria wanaoibadilisha amonia kuwa naitraiti, na wenzao wanaoipeleka naitraiti kuwa naitreti, hawaelei majini. Wamejibandika kwenye sponji, changarawe na majani. Ndiyo maana kubadilisha maji hakuwamalizi, lakini kusuuza sponji chini ya bomba lenye klorini huwapunguza vibaya. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, iminye mara mbili tatu, basi. Ukimwona fundi wako anaitoa ikiwa nyeupe kama mpya, mwambie aache kukusaidia. Dawa za antibayotiki zinazotiwa majini kwa samaki wagonjwa nazo zinaweza kuwaua bakteria hawa. Mgonjwa mtibu kwenye ndoo ya pembeni.

Kama kuna rafiki mwenye tangi la muda mrefu lisilo na magonjwa, omba kipande cha sponji yake kuukuu. Nakiamini kuliko chupa ambayo haijulikani imekaa muda gani kwenye joto la ghala.

10. Umeme ukikatika, usikimbilie swichi

Kwa tunaoishi na mgao, hiki kinastahili kubandikwa ukutani. Bakteria hao wanahitaji oksijeni. Kwenye filta ya kopo lililofungwa maji yakisimama, oksijeni huisha ndani ya saa chache, wanaanza kufa, na uchafu unaooza humo hugeuka supu ya amonia. Umeme unarudi, filta inawaka yenyewe, supu yote inamwagwa juu ya samaki. Ukishakaa gizani saa nyingi, chomoa filta, fungua kopo, mwaga maji yaliyolala, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inavumilia zaidi kwa kuwa iko wazi ndani ya tangi. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kinga ya bei nafuu. Na kumbuka kwamba gizani mimea nayo inavuta oksijeni ile ile.

11. Chunguza kama maji yamekuwa laini mno

Hiki husahaulika kuliko vyote, na kwenye matangi ya mimea ndicho mara nyingi chenye jibu. Kubadilisha amonia hula kabonati zilizomo majini: kila miligramu 1 ya naitrojeni hutumia zaidi ya miligramu 7 za alkali, ikipimwa kama kalsiamu kabonati. Kabonati zikiisha, pH huporomoka. Chini ya 6.5 bakteria hupunguza kazi, na ikikaribia 6 wengi husimama kabisa. Udongo ule wa chembechembe huongeza tatizo, kwa kuwa wenyewe hunyonya kabonati. Matokeo yake amonia haishuki kamwe na samaki wanaonekana wazima, kwa sababu katika pH hiyo karibu yote ni amoniamu.

Hatari iko siku utakapoamua kufanya usafi mkubwa. Ukimwaga nusu ya tangi na kuingiza maji ya kisima yenye pH 8, sehemu ya amoniamu yako inageuka sumu papo hapo. Samaki walioishi miezi wanakufa jioni moja, na mwenye tangi anailaumu dawa ya klorini. Pima KH kwanza, yaani kiasi cha kabonati majini. Ikiwa chini ya 3, anza na asilimia 10 ya maji kwa siku, siku kadhaa mfululizo, mpaka amonia ipungue. Kisha funga makombe ya baharini yaliyopondwa ndani ya kipande cha chandarua uyaweke karibu na filta. Huyeyuka polepole na kushikilia pH. Ukiwa unafuga samaki wa maji laini, weka machache.

12. Samaki wakitweta juu ya maji

Hapo hakuna muda wa kutafuta chanzo. Acha kulisha, washa hewa kwa nguvu, pima pH ya tangi na ya ndoo. Zikikaribiana, badilisha nusu ya maji, yakiwa na joto sawa na yametolewa klorini, na rudia kesho. Zeoliti ndani ya filta itavuta amonia, mradi usitie chumvi, kwani chumvi huifanya iachie ilichokwisha kushika. Dawa zinazodai kuifunga amonia zipo. Ukizitumia, usishangae kipimo kikiendelea kuonyesha kijani, kwa kuwa vipimo vingi huhesabu na ile inayodaiwa kufungwa.

Ukishapata sifuri ya amonia na sifuri ya naitraiti kwa wiki mbili mfululizo, nenda dukani kachukue samaki wapya. Watatu, si kumi na watano, hata kama bei ya jumla inavutia.